Je, viwanja vikubwa huzuia magonjwa? Jibu kwa kamati ya urasimishaji, Arusha

Swali: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mjumbe wa kamati ya urasimishaji wa makazi katika mtaa mmoja wa Sombetini, Arusha. Mpima ameshaanza kazi na kikao chetu kimegawanyika. Mzee mmoja, mstaafu wa idara ya afya, anasema kipindupindu, kifua kikuu na juzi juzi korona vyote vinaletwa na watu kubanana, kwa hiyo tusikubali kiwanja chini ya mita za mraba 600, na nyumba za vyumba vya kupangisha zipunguzwe. Vijana wanamjibu kuwa hayo ni mawazo ya mkoloni. Mama mmoja yeye anasema mji ndio ugonjwa wenyewe, watu wangerudi Rombo na Machame wakapona. Nani yuko sahihi, na tumwambie nini mpima kabla hajaweka bikoni (alama za mipaka)?

Jibu: Marahaba, ndugu mjumbe. Nianze na uamuzi, sababu zifuate. Mzee wenu yuko sahihi kwamba kubanana kunaua, ila anapima mahali pasipo. Kinachoua ni watu wengi katika chumba kisichopitisha hewa, na kinyesi kuingia katika maji ya kunywa. Mita 600 haziondoi hata moja kati ya hayo mawili. Vijana wako sahihi kuhusu historia, lakini wakiishia kwenye historia mtaa utabaki bila mtaro. Mama nitamjibu mwishoni.

Watu wengi, wasomi kwa wasiosoma, wakisikia mlipuko wa ugonjwa huwaza msongamano kwanza. Kuna sababu. Kila mlipuko mkubwa huacha alama katika mji: ukuta, uwanja wazi, sheria ya viwanja. Alama hiyo hukaa miaka mia baada ya elimu iliyoizaa kukataliwa na waganga wenyewe. Kwa hiyo kabla ya kuzungumzia mtaro, inabidi mjue wazo la mzee limetoka wapi.

Mwaka 1854 kipindupindu kililipuka Soho, katikati ya London. Madaktari wengi wa enzi hizo waliamini ugonjwa unabebwa na harufu ya uozo. Daktari John Snow aliweka alama za vifo kwenye ramani akaona zimeizunguka pampu moja ya maji ya mtaa wa Broad Street. Hadithi hiyo inajulikana, na kwa kawaida inasimuliwa nusu. Ushahidi mzito zaidi ulikuwa wa watu waliokwenda kinyume na matarajio. Karibu na pampu ile palikuwa na nyumba ya kutunzia maskini, watu 535 ndani ya jengo moja. Walikufa 5 tu, kwa sababu jengo lilikuwa na kisima chake. Wafanyakazi wa kiwanda cha bia cha mtaa uleule nao walisalimika: walikuwa na bia yao na kisima chao. Upande wa pili kulikuwa na mjane aliyehamia Hampstead, kilimani, penye nafasi na hewa safi. Huyo alikufa kwa kipindupindu, kwa kuwa alipenda ladha ya maji ya Broad Street na alikuwa akiletewa nyumbani. Mpelekeeni mzee kisa hicho: waliorundikana walipona, aliyekaa kwa nafasi kilimani akafa.

Mfano wa pili ni bora zaidi kwa kamati ya ardhi, maana unahusu mpaka. Mwaka 1892 kipindupindu kiliua watu wapatao 8,600 Hamburg, Ujerumani. Mji wa Altona ulikuwa umegusana na Hamburg, nyumba zilezile, msongamano uleule, na wote walichota mto Elbe. Tena Altona ilichota chini zaidi, baada ya uchafu wa Hamburg kuingia mtoni. Lakini Altona ilichuja maji yake kwa mchanga, na Hamburg haikuchuja. Kwenye mitaa ya mpakani ugonjwa ulifuata bomba: waliounganishwa na Hamburg waliugua, majirani zao wa Altona walisalimika kwa sehemu kubwa.

Kulikuwa pia na makosa yaliyofanywa kwa nia njema. Katika mlipuko wa 1848 na 1849, watawala wa usafi wa London, wakiamini harufu ndiyo adui, walisukuma uchafu wa mashimo ya vyoo uingie kwenye mifereji hadi mto Thames. Harufu ilipungua mitaani. Mto huo ndio ulikuwa chanzo cha maji ya kunywa cha sehemu kubwa ya mji, na katika mlipuko ule walikufa Wanalondon kama 14,000. Tendo hilo hata Arusha linafahamika: kutapisha choo, yaani kufungulia uchafu wa shimo utoke, mvua ikinyesha. Aliye juu anapumua, aliye bonde la Themi au Burka anapokea.

Sasa tuje kwetu. Wakati Ulaya inajifunza mabomba na vichujio, makoloni yalijifunza kutenganisha watu. Ronald Ross alipothibitisha mwaka 1897 kuwa mbu ndiye anayebeba malaria, njia rahisi ilikuwa kukausha madimbwi ya kila mtu. Badala yake Freetown, Sierra Leone, ilijengewa mtaa wa Wazungu kilimani mwaka 1904, Hill Station, kwa hoja kwamba watoto wa Kiafrika wamebeba vimelea na mbu hafiki mbali. Tauni ilipoingia Cape Town mwaka 1901, Waafrika walihamishwa kwa nguvu kupelekwa Uitvlugt, baadaye Ndabeni. Nairobi ilipopata tauni mwaka 1902, soko la Wahindi lilichomwa moto. Mwaka 1913 Profesa W. J. Simpson, mtaalamu wa afya aliyetumwa na Uingereza, alizunguka Kenya, Uganda na Zanzibar, akapendekeza miji igawanywe kwa jamii na katikati yawekwe maeneo wazi.

Dar es Salaam ilikuwa imeshaanza. Kanuni za ujenzi za Wajerumani za 1891 zilitenga ukanda wa pwani kwa nyumba za mtindo wa Ulaya. Waingereza wakaja na kanda tatu, na kwa ujanja sheria haikutaja rangi ya mtu; ilitaja aina ya nyumba na vifaa vya kujengea. Uwanja wa Mnazi Mmoja ulikaa kati ya Uhindini na Kariakoo kama kizuizi cha ugonjwa. Mantiki hiyohiyo ilipangia miji mingine, na ndiyo maana Arusha ina Uzunguni yake, na Moshi ina Shanty Town yenye viwanja vipana na miti mikubwa (licha ya jina lake), wakati Majengo na Kaloleni zilipimwa vipande vidogo kwa ajili ya vibarua na makarani.

Kama kinga, mpango huo ulikuwa na tundu ambalo kila mtu aliliona na hakuna aliyelisema: wapishi, yaya na watunza bustani walilala uwani kwa bwana, ndani ya ukanda uliokingwa. Mbu hakuwa na haja ya kuvuka uwanja wowote. Baada ya uhuru kanda zile tatu zilibaki kwenye vitabu vya mipangomiji kwa majina ya viwanja vya ujazo mdogo, wa kati na mkubwa, yaani wingi wa watu kwa eneo. Rangi ilitoka, kipato kikaingia. Mzee wenu alifundishwa kazi katika mfumo huo, na wala si kosa lake kwamba “viwanja vikubwa” vinasikika masikioni mwake kama “afya”. Hata mgonjwa wa kwanza wa korona nchini, aliyetangazwa 16 Machi 2020 hapa hapa Arusha, alikuja kwa ndege kutoka Ulaya. Hakuanzia katika vyumba vya kupangisha.

Mzee anaweza kusema: sawa, kipindupindu ni maji, lakini korona na kifua kikuu ni hewa. Hoja nzuri. Hapa kuna vipimo viwili ambavyo watu huvichanganya: watu kwa hekta na watu kwa chumba. Chukueni kiwanja cha mita 1,000 chenye safu ya vyumba 10, kila kimoja watu 5. Hao ni watu 50. Eneo hilohilo lingetoa viwanja vitatu vya mita 300 na ushee, kila kimoja nyumba ya vyumba 7, watu 2 kwa chumba, jumla 42. Kwa hekta tofauti ni ndogo. Kwa chumba, upande mmoja mtu anayekohoa usiku ana wenzake 4, upande mwingine ana mmoja. Shirika la Umoja wa Mataifa la makazi huhesabu chumba kuwa kimejaa kupita kiasi kikizidi watu 3, na mimi ningeshika kipimo hicho kuliko mita za kiwanja. New York, miezi ya mwanzo ya 2020, Manhattan yenye watu wengi kwa eneo kuliko sehemu zote za jiji iliathirika kidogo kuliko Bronx kwa uwiano wa watu. Ni kweli kwamba matajiri wengi wa Manhattan walikuwa wameondoka mjini; lakini waliobaki nao hawakulala wanne wanne.

Nyumba za wapangaji kwa hiyo msizipunguze. Mkizivunja, waliokuwa wakilala watatu watalala sita mtaa wa jirani, na ugonjwa utapata mlichotaka kuunyima. Zirekebishwe hewa. Hapa inabidi kufanya hesabu, maana mafundi wengi hufanya kwa macho. Mabadiliko ya hewa kwa saa (mara ngapi hewa yote ya chumba hubadilika) hukadiriwa hivi: 0.65, mara kasi ya upepo kwa mita kwa sekunde, mara eneo la tundu dogo kuliko yote (mita za mraba), mara 3,600, gawanya kwa ujazo wa chumba. Chumba cha mita 3 kwa 3, kimo 2.7, kina mita za ujazo 24.3. Kikiwa na dirisha upande mmoja, na upande wa pili matundu ya hewa yenye jumla ya mita za mraba 0.3, upepo hafifu wa 0.5, mnapata 0.65 × 0.5 × 0.3 × 3,600 ÷ 24.3, yaani kama mara 14 kwa saa. Kwa kulinganisha, mara 12 ndicho kiwango kinachotakiwa katika chumba cha hospitali cha mgonjwa wa kifua kikuu. Chumba kilekile kikifungwa hakifiki hata mara moja.

Mambo matatu huharibu hesabu hiyo. La kwanza ni dirisha la aluminiamu la kusukuma. Linapendeza, lakini hata likifunguliwa lote ni nusu tu ya eneo lake inayopitisha hewa; dirisha la mita moja ya mraba lihesabiwe nusu mita. La pili ni tundu la upande mmoja tu. Safu za vyumba hujengwa mgongo kwenye ukuta wa jirani, mlango na dirisha vyote mbele, na hewa haina pa kutokea. Dawa yake ni matundu juu ya lenta (boriti ya zege juu ya madirisha) upande wa nyuma, na hilo linahitaji nafasi kati ya nyumba na mpaka. Mita moja na nusu inatosha kupitisha hewa na mtu wa kufanya usafi. Basi mwambieni mpima na wenye nyumba: msiruhusu ujenzi mpya kugusa mpaka. Hilo lina faida kuliko kupandisha kiwanja kutoka mita 300 hadi 600. La tatu ni baridi. Julai ya Arusha, watu wa Sombetini huziba matundu kwa magazeti na matambara, nao wana haki ya kusikia baridi. Matundu ya juu, karibu na dari, hayampigi aliyelala. Ya chini ya dirisha humpiga, na ndiyo huzibwa kwanza. Wavu wa mbu uwe wa chuma au nailoni na upigwe brashi, kwa kuwa wavu uliojaa vumbi la Arusha unapitisha hewa kidogo sana.

Mtu akiwaambia hewa ya mlimani peke yake inatibu, mkumbusheni Kibong'oto, Siha. Hospitali ile ilianzishwa mwaka 1926 kwa ajili ya kifua kikuu, wakati dunia nzima ilikuwa ikipeleka wagonjwa penye baridi, jua na hewa safi. Kutenga wagonjwa na kufungua madirisha kulisaidia kutoambukiza wengine. Dawa yenye kuua vimelea ilipatikana miaka ya 1940, na mpaka leo Kibong'oto inatibu kifua kikuu sugu kwa dawa, mlima ukiwa mandhari.

Sasa bikoni. Hapa ndipo kamati ina nguvu, na ndipo nguvu hiyo hupotea, kwa sababu kila mmoja anagombea mita mbili za mpaka wake na hakuna anayegombea njia. Njia ndiyo inayobeba afya ya mtaa: bomba, mtaro, gari la majitaka, gari la taka na gari la wagonjwa. Lori la kunyonya majitaka lina upana wa kama mita 2.5. Ongezeni nafasi ya vioo na ya kukwepa nguzo, kisha nusu mita ya mtaro, mnafika mita 4. Si lazima kila njia iwe hivyo. Chukueni ramani, wekeni alama ya kila choo, kisha chagueni njia chache za mita 4 hadi 6 ambazo kwa kuzifuata hakuna choo kitakachokuwa zaidi ya mita 30 kutoka mahali lori linaposimama, kwa kuwa mipira ya kunyonyea haifiki mbali sana, na kadiri inavyorefuka na kupanda ndivyo pampu inavyoshindwa. Njia nyingine zinaweza kuwa za miguu na toroli, mita 2. Pembeni mwa njia kuu kona zikatwe. Lori halikunji kona ya nyuzi 90 yenye kuta pande zote. Hili la kona husahaulika kila mahali, kisha ukuta wa mtu unavunjwa.

Viwanja vikubwa vina gharama ambayo mzee hakuitaja. Kiwanja cha mita 600 chenye uso wa mita 20 barabarani, nyumba pande zote mbili, kinahitaji mita 10 za bomba kuu na mita 20 za mtaro (10 ikiwa mtaro ni wa upande mmoja) kwa kila kaya. Cha mita 300 chenye uso wa mita 12 kinahitaji 6 za bomba. Kwa kaya 100 ni mita 1,000 dhidi ya 600. Mtaa wenye kipato kidogo ukitawanywa, bomba halifiki, watu wanarudi kisimani na kwenye madumu, na kipindupindu kinapata mlango uleule mliotaka kukifungia.

Vyoo. Shimo lenye kipenyo cha mita 1.2 na kina cha mita 3, mkiacha nusu mita juu, lina nafasi ya mita za ujazo kama 2.8. Kinyesi hujikusanya takriban lita 50 kwa mtu kwa mwaka. Familia ya watu 10 hulijaza kwa miaka mitano na nusu hivi. Nyumba ya wapangaji 40 hulijaza kwa mwaka mmoja na miezi mitano, na kama maji ya kuogea na kufulia yanaingia humohumo, mapema zaidi. Mwenye nyumba asiyejua hesabu hii hushangaa masika, kisha hutapisha. Kwa nyumba za wapangaji ombeni mashimo mawili au karo (tangi la majitaka la chini ya ardhi) lenye vyumba viwili na chemba ya kunyonyea iliyo upande wa njia, yenye mfuniko unaofunguka. Chemba nyingi hujengewa fremu ya duka juu yake. Wekeni jambo hilo kwenye makubaliano ya mtaa, kwa maandishi.

Shimo la kufyonzea maji lipimwe kabla. Chimbeni tundu la sentimita 30 kwa 30 hadi kina ambacho maji yatafyonzwa, lijazeni maji usiku, asubuhi wekeni maji kimo cha sentimita 15 na mpime muda wa kushuka sentimita 2.5. Yakishuka chini ya dakika moja, kuna mpasuko wa mwamba au kokoto na uchafu utasafiri mbali bila kuchujwa. Yakizidi saa moja, ardhi haifyonzi na karo litafurika. Udongo wa chini ya Meru hubadilika ndani ya hatua chache, majivu laini hapa, mwamba pale, kwa hiyo kipimo cha jirani kisitumike kwako. Penye mwamba choo kiinuliwe, kisichimbwe kwa nguvu. Kutoka kisima, choo kiwe angalau mita 30, na upande wa chini wa mteremko. Chini ya shimo pabaki angalau mita 1.5 kabla ya kufikia maji ya ardhini wakati wa masika, si kiangazi. Sasa jaribuni kuweka mita 30 kati ya kisima na vyoo vyote vya majirani kwenye viwanja vya mita 300. Haiwezekani. Hata kwa mita 600 haiwezekani. Mtaa wa mjini, wa ukubwa wowote wa kiwanja, ama una maji ya bomba ama unakunywa vyoo vyake.

Lakini msikimbilie kisima kirefu kwa pupa. Arusha ina floridi nyingi katika maji ya ardhini kwa sababu ya volkano, na kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Kuchemsha hakuiondoi; kwa kupunguza maji, huiongeza kidogo. Kamati ikitaka kisima cha jumuiya, maji yapimwe floridi na vimelea kabla ya kulipia pampu. Kipimo cha kisima kimoja hakiwakilishi kisima kingine.

Kwenye bomba, adui ni mgao. Maji yakikatika, bomba lililopita ndani ya mtaro hunyonya maji machafu kupitia viungio vilivyolegea, na yakirudi glasi ya kwanza ndiyo mbaya kuliko zote. Piteni mtaa mzima mkahesabu mahali ambapo bomba la mtu limelala ndani ya mtaro. Kila moja linahamishwa: bomba upande wa juu wa njia, mtaro upande wa chini, na panapolazimu kuvukana, bomba lipite juu, ndani ya bomba kubwa zaidi la kulikinga, bila kiungio katikati. Kwenye gati la maji (mahali pa kuchotea) klorini ipimwe: miligramu 0.5 kwa lita nusu saa baada ya kutiwa, na wakati wa mlipuko hadi 1.0. Vifaa vya kupimia kwa rangi havina gharama kubwa, na mtendaji wa mtaa anaweza kufundishwa kwa dakika kumi.

Mitaro iwe na mteremko usiopungua mita 1 kwa kila mita 100, la sivyo matope hutuama. Sombetini tatizo huwa mara nyingi kinyume, mteremko mkali unaochimba kingo, hapo ziwekwe ngazi za mawe. Mtaro ukifunikwa, mifuniko iwe mizito kiasi cha kuinuliwa na watu wawili. Ukifunikwa kwa zege moja refu, hautazibuliwa tena milele. Usafishwe Februari na mwishoni mwa Oktoba, kabla ya masika na kabla ya vuli.

Kuhusu maeneo ya wazi, neno moja. Barcelona ilipopanuliwa kwa mpango wa Ildefons Cerdà wa 1859, baada ya kubomoa kuta za mji uliokuwa umebanana na kuteswa na kipindupindu, kila kitalu kilipangwa kujengwa pande mbili tu, katikati ibaki bustani. Wenye mali walijenga pande zote nne, kisha katikati. Uwanja wa mtaa wenu utaliwa vivyo hivyo, isipokuwa upimwe kama kiwanja chenye namba yake, matumizi yake yaandikwe kwenye mchoro, na uzungukwe na njia pande zote. Uwanja uliozungukwa na migongo ya nyumba huliwa kimyakimya.

Sasa mama wa Rombo. Kuondoka mjini wakati wa mlipuko ni jambo la zamani, na kila mara linaambatana na wazo kwamba kijiji ni safi. Tauni ilipoanza kuripotiwa Lushoto mwaka 1980 na kuendelea kwa miaka mingi, iliuma vijiji vya mlimani, siyo Tanga mjini. Marburg ya 2023 ilitokea Bukoba vijijini. Mlipuko wa kipindupindu wa 1869 na 1870 ulioua watu wengi mno Zanzibar ulikuja kwa nchi kavu, kupitia njia za biashara za Umasaini hadi Pangani, kama alivyofuatilia daktari James Christie aliyekuwa kisiwani. Mtu anayekimbilia Machame akiwa ameshaambukizwa haponi kwa ndizi. Anampelekea bibi ugonjwa, na kutoka kihamba (shamba la ukoo) hadi hospitali ya KCMC au Mawenzi ni mbali kuliko kutoka Sombetini hadi hospitali ya Mount Meru. Mwambieni kwa heshima kwamba mji una kitu ambacho kijiji hakina: maabara, gari la wagonjwa na bomba moja linaloweza kutiwa klorini likahudumia maelfu. Asubiri mlipuko uishe ndipo aende kusalimia.

Kikao kijacho, msipigie kura mita 600. Pelekeni ramani yenye alama tatu: kila choo, kila mahali bomba linapovuka mtaro, na kila mahali lori linapokwama. Mpima akiwapo, tembeeni naye njia hizo kwa miguu, na mzee atangulie, kwa kuwa anajua nani alitapisha mwaka gani. Mahali njia inapotakiwa kupanuka, kila mwenye kiwanja pande zote mbili aachie sawasawa, makubaliano yasainiwe siku hiyohiyo mbele ya mwenyekiti, na bikoni ziwekwe kabla watu hawajarudi nyumbani kushauriwa na shemeji.